Mji Uliotupa Majina

Hotuba kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Unguja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi, assalaam aleikum.

Mwalimu wa Kiswahili alipokiona kichwa cha hotuba hii ubaoni asubuhi alinijia na chaki mkononi, akaniuliza nimekusudia "kutupa" gani: kutupa sisi, yaani kutupatia, au kutupa jalalani. Nilimjibu kwamba nimekusudia zote mbili. Akaguna, akaenda zake, na namwona amekaa safu ya mbele kabisa.

Mji ninaouzungumzia ni Uppsala, nchini Uswidi, kiasi cha kilomita 70 kaskazini ya Stockholm. Nilikwenda huko mwishoni mwa mwezi wa Aprili kumtembelea mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Uppsala, ambacho kilianzishwa mwaka 1477 na ndicho kikongwe kuliko vyote katika nchi za Skandinavia. Kile cha Copenhagen kilifuata miaka miwili baadaye. Mimi ni mwalimu wa baiolojia kwa zaidi ya miaka 30, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiandika ubaoni majina ya Kilatini ya mimea yetu, na mwisho wa kila jina nikiweka herufi moja, L., bila ya kujishughulisha sana na mtu aliyejificha nyuma ya herufi hiyo. Safari hii ilinifikisha mlangoni kwake.

Kabla ya kufika huko, naomba mnivumilie kidogo kuhusu saa, maana ndilo jambo la kwanza lililonichanganya. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likichomoza tunasema saa kumi na mbili, likizama tunasema saa kumi na mbili, na mwaka mzima jua letu halitudanganyi sana. Uppsala iko karibu na latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, na kule hesabu hiyo haina kazi. Katika siku nilizokuwepo jua lilichomoza kiasi cha saa 11 alfajiri na lilizama karibu na saa 3 kasorobo usiku, hata nikajikuta nimekula chakula cha usiku huku mwanga wa jua umelala mezani. Mpwa wangu aliniambia kwamba mwezi wa Disemba mambo hugeuka: jua hutoka karibu na saa 3 asubuhi na saa 9 kasorobo alasiri limeshazama. Nilimwuliza anawezaje kuswali. Alinijibu, "Mjomba, kwa ratiba, si kwa dirisha."

Kisha kuna robo saa ya wanachuo. Tangazo lilisema mhadhara ungeanza saa 4 asubuhi, nami nikaingia ukumbini dakika tano kabla ya wakati, nimejifunga tai, nikakaa peke yangu kama mshitakiwa. Ilipofika saa 4 kamili hakuwepo mtu. Nilianza kufikiri kwamba sifa ya kuchelewa tumesingiziwa sisi bure. Saa 4 na dakika 10 wakaanza kumiminika, na saa 4 na robo barabara mhadhiri akafungua kinywa. Kumbe huko, kwa desturi ya zamani, mhadhara uliotangazwa kwa saa kamili huanza robo saa baadaye. Zamani, saa za mkononi zilipokuwa hazijaenea, kengele ya kanisa ndiyo iliyotangaza saa, na mwanafunzi akiisikia alikuwa na robo saa ya kutembea hadi darasani. Kengele haitegemewi tena kwa kazi hiyo, lakini robo saa imebaki.

Mji wenyewe umegawanywa na mto mdogo uitwao Fyrisån, ambao kwa mtu aliyeuona Rufiji ni kama mfereji. Upande wa mashariki kuna stesheni ya reli, maduka na soko; upande wa magharibi ardhi inapanda, na huko ndiko yaliko kanisa kuu, majengo ya kale ya chuo, maktaba, na juu kabisa kasri la rangi ya waridi lililoanzwa na Mfalme Gustav Vasa mwaka 1549. Baiskeli ni nyingi kuliko magari, na mgeni asiyezoea ataponea chupuchupu mara mbili tatu kabla ya kujifunza kutazama pande zote. Kanisa kuu lilianza kujengwa katika karne ya 13 na likazinduliwa mwaka 1435. Ni la matofali mekundu, na minara yake miwili ina urefu wa mita 118.7, ambao ndio urefu wa jengo lenyewe kutoka mlangoni hadi nyuma. Hakuna kanisa refu kuliko hilo katika nchi zote za Nodiki. Popote ulipo mjini, ukipotea, tafuta minara.

Jina la mji huu nalo si lake. Mahali penye mji wa leo paliitwa Östra Aros, maana yake mdomo wa mto ulio mashariki, na palikuwa bandari ya biashara. Uppsala yenyewe, ile ya kwanza, iko kiasi cha kilomita 5 kaskazini, na leo inaitwa Uppsala ya Kale. Nilikwenda huko kwa basi. Kuna vilima vitatu vikubwa vya makaburi ya watawala wa karne ya 6, vimeota nyasi na kondoo wanalisha kando yake, na kuna kanisa dogo la mawe lililobaki kutoka kanisa kubwa la askofu mkuu wa kwanza, aliyewekwa hapo mwaka 1164. Karne moja baadaye, mwaka 1273, makao ya askofu yalihamishiwa bandarini, na askofu alipohama alihama na jina. Bandari ikavishwa jina la Uppsala, na lile la Östra Aros likaachwa. Mwalimu wa Kiswahili, andika hapo: jina moja limeshatupwa.

Sasa chuo. Aliyekianzisha ni Askofu Mkuu Jakob Ulvsson, kwa idhini ya Papa Sixtus IV. Jengo kongwe la chuo linalotembelewa na wageni ni Gustavianum, lililojengwa kati ya mwaka 1622 na 1625, linalotazamana na kanisa kuu. Juu yake kuna kuba, na ndani ya kuba hiyo Olof Rudbeck alijenga, katika miaka ya 1660, ukumbi wa kupasulia maiti. Wanafunzi wa kidato cha sita wanaolalamika kwamba maabara yetu ni finyu wangeuona ukumbi huo wangenyamaza. Una pembe nane na ngazi zilizosimama wima kama kisima, na watazamaji walisimama wakiegemea vizuizi vya mbao, kila safu juu ya vichwa vya safu iliyo mbele yake, huku mwanga ukiingia kwa madirisha ya juu na kuangukia meza iliyo katikati kabisa. Rudbeck huyo ndiye aliyeonyesha mfumo wa limfu, yaani mishipa ya mwilini inayopitisha majimaji yasiyo damu, mbele ya Malkia Kristina katika kasri la hapo hapo mjini mwaka 1652, akiwa kijana wa miaka 21. Alipozeeka aliandika kitabu kikubwa sana cha kuthibitisha kwamba kisiwa cha Atlantisi cha hadithi za Wayunani kilikuwa ni Uswidi. Nalitaja hilo kwa sababu linanifariji: mtu anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu limfu na akapotea njia kabisa katika jambo jingine.

Katika mtaa uitwao Svartbäcksgatan kuna nyumba iliyosimama upande, haikufuata mstari wa barabara. Hiyo ilikuwa ya Anders Celsius, mzaliwa wa Uppsala, mwalimu wa elimu ya nyota. Barabara zilinyooshwa katika karne ya 17, lakini nyumba yake ni kongwe kuliko kamba ya wapimaji na imebaki kama ilivyokuwa. Mwaka 1742 alipendekeza kipimo cha joto cha nyuzi 100 kati ya kuganda na kuchemka kwa maji, ila kwake yeye 0 ilikuwa ya kuchemka na 100 ya kuganda. Alifariki mwaka 1744, na haukupita muda mrefu kipimo kikapinduliwa kikawa hiki tunachokijua. Wazee waliopo hapa walisoma "sentigredi". Ni mwaka 1948 tu ndipo jina la Selsiasi lilipokubaliwa rasmi duniani. Kwa hiyo kila jioni mtangazaji wetu wa hali ya hewa anaposema Unguja nyuzi 31, Pemba nyuzi 30, anamtaja mtu wa mtaa ule, ambako siku ya joto la namna hiyo ni adimu.

Mtaa huo huo, hatua chache mbele, kuna lango. Ukiingia utakuta bustani ya mstatili, vitalu vimepangwa kwa mistari kama daftari la hesabu, na pembeni nyumba aliyoishi Carl Linnaeus, mwenyewe wa ile herufi L., kuanzia mwaka 1743 hadi alipofariki mwaka 1778. Bustani yenyewe ilianzwa na Rudbeck, yule wa limfu, mwaka 1655. Mwishoni mwa Aprili hakukuwa na mengi ya kuona: udongo mweusi, vichipukizi vichache, na vibao. Vibao vilikuwa vingi kuliko maua. Nilisimama mbele ya vibao vile kwa muda mrefu mpaka mpwa wangu akaniuliza kama naona baridi.

Linnaeus alizaliwa mwaka 1707 kusini mwa Uswidi, mtoto wa kasisi wa kijijini. Ukoo wake haukuwa na jina la ukoo. Baba yake alipokwenda kusoma chuo kikuu alitakiwa awe nalo, akajitungia kutokana na mti mkubwa uitwao lind uliokuwa katika shamba lao. Zingatieni hilo: mtu aliyekuja kuwapa miti majina, jina lake alipewa na mti. Alifika Uppsala mwaka 1728 hana kitu, na inaelezwa kwamba aliyemwokoa na njaa ni Olof Celsius, ami yake Anders, ambaye alimkuta bustanini akichunguza mimea, akashangazwa na ujuzi wake, akamchukua akae kwake. Mwaka 1741 akawa profesa. Mwaka 1753 alitoa kitabu cha spishi za mimea yote aliyoijua, na humo kila mmea akaupa jina la maneno mawili, la kwanza la jenasi na la pili la spishi. Kabla ya hapo jina la mmea katika Kilatini lilikuwa sentensi nzima, na kila mtaalamu alikuwa na sentensi yake.

Faida ya jambo hilo sihitaji kuieleza kwa muda mrefu mbele ya wanafunzi wangu. Mkarafuu wa Pemba, ule wa Madagaska na ule wa visiwa vya Maluku ulikotoka, una majina tofauti katika vinywa vya wenyewe; kwa jina moja la kitaalamu watu wa mabara matatu wanaweza kuandikiana barua kuhusu ugonjwa wa mkarafuu wasipotezane. Linnaeus aliuita Caryophyllus aromaticus. Wataalamu waliokuja baadaye waliuhamishia jenasi nyingine, ukawa Syzygium aromaticum, lakini ile L. imebaki ndani ya mabano kama jina la babu katika pasipoti. Mnazi, Cocos nucifera L. Mwembe, Mangifera indica L. Mpapai, Carica papaya L. Yote hiyo ni ya mwaka 1753, na yote iliandikwa katika nyumba ile, na mtu ambaye katika maisha yake yote hakufika kusini zaidi ya Ufaransa.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Mgomba aliuita Musa paradisiaca, yaani mgomba wa peponi, kwa sababu aliona inawezekana kuwa tunda lililomponza Adamu lilikuwa ndizi. Alikuwa ameshaufanya mgomba utoe maua katika nyumba ya vioo huko Uholanzi mwaka 1736, jambo lililostaajabisha Ulaya nzima. Watu wa Bukoba na Kilimanjaro wangelisikia wangecheka. Neno Musa lenyewe, kwa maelezo ya wengi, ni mauzi la Kiarabu lililovikwa kanzu ya Kilatini. Mkwaju aliuita Tamarindus indica. Tamarindus ni tamri-hindi, tende ya Kihindi, maneno ya Waarabu. Kisha akaongeza indica, wa Uhindi, na hivyo jina likataja Uhindi mara mbili kwa mti ambao asili yake ni Afrika. Mkwaju wetu ulifika Ulaya kupitia mikono ya wafanyabiashara, ukaandikishwa kwa anwani ya mpeleka mzigo. Na mbuyu, mwaka 1759, aliuita Adansonia digitata. Digitata ni wenye vidole, kwa umbo la jani, na hilo ni jina zuri. Adansonia ni kwa heshima ya Michel Adanson, Mfaransa aliyeuona mbuyu huko Senegali na kuueleza. Mti unaoishi karne nyingi, ambao kila kabila lililolala chini yake lina jina lake, ukapewa jina la mgeni aliyepita.

Simlaumu Linnaeus kwa hilo kupita kiasi. Kila anayepanga vitu hulazimika kuchagua jina moja na kuyaacha mengine, na sheria aliyoiweka ni bora kuliko vurugu iliyokuwepo. Ninachosema ni kwamba hakuuliza, na hakuwa na wa kumwuliza. Wanafunzi wake walikuwa macho yake, aliwatuma kila upande wa dunia, na wengi hawakurejea. Mmoja wa waliosoma Uppsala ni Pehr Forsskål, aliyezaliwa Helsinki, akaenda Arabuni na msafara wa mfalme wa Denmark na kufariki kwa malaria huko Yemeni mwaka 1763. Watu wa Meru na wa Mombasa watapenda kujua kwamba jina la kitaalamu la miraa, Catha edulis, lina Forsskål ndani yake, maana ndiye aliyelichukua neno qat kutoka vinywa vya Wayemeni na kuliandika. Yeye aliuliza. Alijifunza Kiarabu, na majina ya wenyeji aliyaandika kando ya ya kwake. Kabla ya safari hiyo, mwaka 1759, aliwahi kuchapisha kijitabu kuhusu uhuru wa raia, serikali ikakipiga marufuku, na aliyeamrishwa kuzikusanya nakala kutoka kwa wanafunzi alikuwa mkuu wa chuo wa wakati huo, Linnaeus. Alipata chache. Baadaye alimwenzi kwa kuupa jina lake mmea mmoja wa jamii ya Urticaceae, yenye mimea inayowasha, Forsskaolea tenacissima, yaani king'ang'anizi kupita vyote, na watu hadi leo hawajakubaliana kama ile ilikuwa sifa au kijembe.

Linnaeus aliwapanga na wanadamu pia. Katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake cha kuainisha viumbe, chini ya Homo sapiens, aliorodhesha watu kwa mabara na rangi na akaongeza tabia. Mzungu alimwandika kuwa mwerevu, mvumbuzi, anayeongozwa na taratibu. Mwafrika alimwandika kuwa mjanja, mvivu, mzembe, anayeongozwa na matakwa yake tu. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Mtu aliyekuwa akihesabu stameni za ua moja moja kwa kioo cha kukuzia, asiyekubali kuandika jani lina meno kabla ya kulitazama, aliandika maneno hayo kuhusu bara zima kwa kusikia. Kwangu mimi, mwalimu, hilo ndilo kosa kubwa zaidi kuliko yote: alivunja kanuni yake mwenyewe, tena mahali palipohitaji uangalifu kuliko pote.

Na kosa lile lilizaa. Mwaka 1922 serikali ya Uswidi ilifungua hapo hapo Uppsala taasisi ya biolojia ya mbari, chini ya daktari Herman Lundborg, nayo ikafanya kazi miaka mingi katika jengo lililo karibu na kanisa kuu. Watumishi wake walizunguka nchi wakipima mafuvu ya watu na kuwapiga picha, hasa Wasami, wenyeji wa kaskazini, ili kuonyesha nani ni safi na nani amechanganyika. Mrithi wa Lundborg, Gunnar Dahlberg, alikuwa mpinzani wa mawazo hayo, na taasisi ikabadilika polepole hadi ikamezwa na chuo kama idara ya jenetiki. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha jengo hilo. Sikutegemea. Watalii waliokuwa nasi walikuwa wakipiga picha minara, migongo yao wameielekeza kwenye nyumba ile.

Jengo kuu la chuo, lililozinduliwa mwaka 1887, lina maandishi ya dhahabu juu ya mlango wa ukumbi mkubwa, maneno ya mshairi Thomas Thorild: kufikiri kwa uhuru ni jambo kubwa, lakini kufikiri kwa usahihi ni kubwa zaidi. Wanafunzi wamekuwa wakibishana juu ya maneno hayo kwa vizazi, kwa sababu anayeamua usahihi ni nani? Nikiwa nimetoka kuliona jengo la wapima mafuvu, nilijikuta niko upande wa wabishi. Lundborg alikuwa na hakika kwamba anafikiri kwa usahihi.

Maktaba ya chuo inaitwa Carolina Rediviva, nayo ilikamilika mwaka 1841. Humo, katika chumba chenye mwanga hafifu, kuna kitabu kiitwacho Biblia ya Fedha. Ni Injili nne katika lugha ya Wagothi, watu wa kale wa Ulaya, zilizoandikwa Italia mwanzoni mwa karne ya 6 kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau. Zimebaki kurasa pande mbili 188 kati ya 336, moja iko Ujerumani na 187 ziko Uppsala. Lugha yenyewe imekufa, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Kigothi yametoka katika kitabu hicho kimoja. Kilifikaje Uswidi? Majeshi ya Uswidi yalikipora Prague mwaka 1648. Kibao cha maelezo hakifichi hilo, na sikuona mtu aliyeshtuka. Niliwaza miswada yetu ya tenzi kwa herufi za Kiarabu, ambayo mingine iko London na mingine iko katika masanduku ya nyumba za Lamu na Pemba ikiliwa na mchwa, nikashindwa kuamua ipi ina bahati.

Siku moja tulikwenda makaburini. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa, alikulia katika lile kasri la waridi, kwa sababu baba yake alikuwa gavana wa jimbo, na alisoma chuo cha hapo. Tarehe 18 Septemba 1961 ndege yake ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, alipokuwa akienda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, kuhusu vita vya huko, na wote 16 waliokuwemo walifariki. Sababu ya ajali hiyo ingali inachunguzwa na Umoja wa Mataifa. Amezikwa katika eneo la ukoo wake, kaburi la kawaida kabisa, ambalo usipoonyeshwa utalipita. Mtu alikuwa ameacha hapo ua moja la karatasi. Katanga ni nchi ya Waswahili wenzetu, na mzee mmoja wa Lubumbashi niliyekutana naye kwenye treni alinisimulia jinsi redio ilivyotangaza kifo kile alipokuwa mtoto. Alisimulia kwa Kiswahili cha kwao, mimi nikimjibu kwa cha kwetu, na abiria wakidhani tunagombana.

Mwaka uliofuata kifo hicho, 1962, Uppsala ilipata Taasisi ya Nodiki ya Afrika, yenye maktaba ya vitabu kuhusu bara letu, ambayo nilipokwenda ilikuwa wazi kwa yeyote. Niliingia na kukaa kutwa nzima. Na katika chuo chenyewe Kiswahili kilifundishwa kwa miaka mingi na mzaliwa wa Zanzibar, Profesa Abdulaziz Lodhi, ambaye utafiti wake ulihusu maneno ya Mashariki yaliyoingia katika Kiswahili, yaani safari za majina kama karafuu kutoka bandari hadi bandari. Katika mji ule ule ambako mkarafuu ulipewa jina bila ya sisi kuulizwa, alisimama mtu wa kwetu akawafundisha wenyeji neno karafuu limetoka wapi.

Tarehe 30 Aprili mji wote huingia wazimu wa siku moja kuukaribisha majira ya kuchipua. Wanafunzi huteremka mtoni kwa vyombo walivyoviunda wenyewe, vingi vikivunjika kwenye maporomoko, na saa 9 alasiri mkuu wa chuo hutokea kwenye roshani ya maktaba akapunga kofia nyeupe, na maelfu wakavaa za kwao kwa pamoja. Ni tamasha zuri lenye pombe nyingi mno, na sitaliongelea zaidi mbele ya wazazi.

Jambo moja la mwisho, ambalo mpwa wangu aliniomba nisilisimulie. Yeye anakaa Flogsta, mtaa wa maghorofa ya wanafunzi magharibi ya mji, na huko kuna desturi kwamba ikifika saa 4 usiku wanafunzi hufungua madirisha na kupiga ukelele. Hakuna sababu. Usiku wangu wa mwisho alifungua dirisha, baridi ikaingia, akasema, "Mjomba, jiandae." Kelele zikaanza kutoka ghorofa hii na ile, kama fisi wanaoitana. Nina miaka 58, ni mwalimu mwandamizi, na nilikuwa nimevaa fulana na kikoi. Nilitoa kichwa dirishani nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote neno la kwanza lililonijia kinywani: "Mbuyuuu!" Kukawa kimya kidogo. Kisha kutoka jengo la pili, gizani, sauti ya kijana nisiyemjua ikalirudia neno lile, imelikosea kidogo tu.